Fao la Upotevu wa Ajira: Anayestahili, Namna ya Kudai na Mambo Yanayokwamisha Madai

Mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyepoteza ajira pasipo kutaka mwenyewe anaweza kulipwa sehemu ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 6, na mfuko wa hifadhi ya jamii aliokuwa akiuchangia. Malipo hayo ndiyo yanayoitwa fao la upotevu wa ajira. Yaliingizwa katika mfumo wetu kwa Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, ambayo pamoja na kuunda PSSSF ilirekebisha pia sheria inayosimamia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Kwa hiyo fao hili si la watumishi wa Serikali peke yao. Mhudumu wa hoteli Arusha, fundi wa kiwandani Morogoro na karani wa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam wote wamo, mradi michango yao iliwasilishwa.

Wananchi wengi wanalifahamu fao hili kwa kulisikia tu, na wengi zaidi wanalichanganya na lile la zamani lililoitwa fao la kujitoa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya baadhi ya wadai kufika dirishani wakiwa tayari wamekwishajiondolea haki yao kwa mikono yao wenyewe. Makala haya yanaeleza nani anastahili, kiasi gani hulipwa, nyaraka zipi zinahitajika na, zaidi ya yote, kwa nini maneno ya barua inayomtoa mtu kazini yana uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kutoka fao la kujitoa hadi fao la upotevu wa ajira

Chini ya utaratibu wa awali, mwanachama aliyeondoka kazini aliweza kuomba michango yake, akaichukua na kuondoka nayo. Utaratibu huo ulipendwa, na ulipendwa kwa sababu za msingi: fedha zilikuwa zake, shida ilikuwa ya leo, na uzee ulikuwa mbali. Ndiyo maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2012 yaliyolenga kuliondoa fao hilo yalipokewa kwa upinzani mkubwa, hususan na wafanyakazi wa migodini, ambao ajira zao huisha kabla ya umri wa kustaafu kutokana na hali ya kazi yenyewe.

Hoja ya upande wa pili nayo ilikuwa nzito. Ili mwanachama alipwe pensheni ya kila mwezi uzeeni, anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Aliyekuwa akichukua michango yake kila alipobadilisha kazi alijikuta ana umri wa miaka 60 huku akaunti yake ikiwa na miaka miwili au mitatu tu. Fao la upotevu wa ajira lilikuja kama njia ya kati. Mtu anapewa cha kumvusha wakati anatafuta kazi nyingine, na miezi aliyokwisha kuichangia inabaki katika hesabu yake. Wapo ambao hadi leo hawajaridhika na njia hiyo, na mjadala wake haujafungwa. Lakini ndiyo sheria inayotumika, na anayekwenda kudai leo anadai kwa masharti hayo.

Anayestahili

Masharti yenyewe si mengi. Mdai awe raia wa Tanzania, awe hajafikia umri wa miaka 55, awe amechangia kwa muda usiopungua miezi 18, awe hajaacha kazi kwa hiari yake, na aweze kuthibitisha kwamba hajapata ajira nyingine. Sharti la umri lina mantiki yake: anayefikisha miaka 55 ana mlango wa kustaafu kwa hiari, na mlango huo una mafao yake.

Ambaye hakufikisha miezi 18 ya michango hatoki mikono mitupu. Sheria inampa asilimia 50 ya michango yake, kwa mkupuo mmoja. Ni kiasi kidogo, na hakiendelei mwezi baada ya mwezi, lakini wapo vijana wengi walioajiriwa mwaka mmoja kisha kampuni ikafunga milango, na hawakuwahi kuuliza kwa kudhani kwamba muda wao haukutosha kwa lolote. Waulize.

Zanzibar ina mfuko wake na sheria zake za kazi, hivyo msomaji aliyeajiriwa huko asiyachukue maelezo haya kuwa yanamhusu.

Kiasi kinacholipwa

Fao ni asilimia 33.3 ya mshahara ambao mwanachama alikuwa akilipwa kabla ya ajira kukoma. Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliyekuwa na mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Atastahili shilingi 199,800 kila mwezi, na akikaa miezi yote 6 bila kupata kazi, jumla itakuwa shilingi 1,198,800. Akipata ajira katika mwezi wa tatu, malipo yanakoma, kwa kuwa sababu ya kulipwa imekoma. Ana wajibu wa kuutaarifu mfuko. Kuendelea kupokea fao huku mwajiri mpya akiwasilisha michango yako ni jambo ambalo kumbukumbu za mfuko wenyewe zitalionyesha.

Theluthi moja ya mshahara haiwezi kubeba kodi ya nyumba, ada za watoto na chakula kwa familia iliyozoea mshahara mzima, na si busara kumwambia mwananchi vinginevyo. Fao hili limekusudiwa kuwa daraja. Kwa sababu hiyo mdai anapaswa kuliangalia pamoja na malipo mengine ambayo mwajiri mwenyewe anadaiwa, na ambayo kwa wengi huwa na kiasi kikubwa zaidi. Tutayarudia malipo hayo baada ya kuzungumzia barua.

Barua inayokutoa kazini

Sharti la kutoacha kazi kwa hiari ndilo linaloangusha madai mengi, na mara nyingi si kwa sababu mdai aliacha kazi kweli. Hali huwa hivi. Mwajiri amepungukiwa na biashara na anataka kupunguza watu. Kupunguza wafanyakazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kuna hatua zake: kutoa taarifa ya kusudio, kuweka wazi sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza hasara, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Hatua hizo huchukua muda na gharama. Njia ya mkato ni kumwita mfanyakazi ofisini, kumwambia kwamba ni heshima kwake kuondoka kwa barua yake mwenyewe kuliko kuachishwa, na kumwahidi kwamba malipo yake yatashughulikiwa haraka. Mfanyakazi anaandika. Pengine hata barua imekwishaandaliwa, na yeye anatakiwa kuweka sahihi tu.

Kuanzia hapo, kwa macho ya mfuko, mtu huyo ameacha kazi kwa hiari. Afisa wa madai hana namna ya kujua yaliyozungumzwa ndani ya chumba, anacho kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kinasema: naomba kuacha kazi kuanzia tarehe fulani kwa sababu binafsi.

Mfanyakazi hana wajibu wa kisheria wa kuandika barua ya kuacha kazi ambayo hakuikusudia. Anayeombwa kufanya hivyo anaweza kuomba muda wa kuisoma, kuomba nakala, kumwita kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa eneo lake la kazi, au kusema kwa upole kwamba anasubiri barua ya mwajiri. Kama ni mwajiri anayesitisha ajira, barua itoke kwa mwajiri, itaje tarehe ya ajira kukoma na sababu yake: kupunguzwa kazi, kufungwa kwa shughuli, kuisha kwa mradi, au nyingineyo.

Uangalifu wa namna hiyo unahitajika pia katika mipango inayoitwa kuondoka kwa hiari, ambapo kampuni hutangaza kitita kwa watakaojitokeza. Mipango hiyo ni halali, na kwa wengine ina faida. Lakini neno "hiari" lililo katika kichwa cha makubaliano linaweza kumgharimu aliyetia sahihi fao la miezi 6. Kabla ya kukubali, aulize ofisi ya mfuko wake jinsi makubaliano hayo yatakavyotafsiriwa, na apime kitita anachopewa dhidi ya kile anachoweza kukikosa.

Aliyekuwa na mkataba wa muda maalumu ambao umefikia kikomo achukue mkataba wenyewe pamoja na barua ya mwajiri inayoonyesha kwamba haukuhuishwa. Bila barua hiyo, kumbukumbu za mfuko zitaonyesha tu kwamba michango ilikoma mwezi fulani, na michango hukoma kwa aliyeacha sawasawa na inavyokoma kwa aliyeachwa.

Je, aliyekwishaandika barua kwa kushinikizwa amepoteza kila kitu? La. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatambua kuwa mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri alifanya mazingira yasivumilike ameachishwa na mwajiri. Ila hilo halithibitishwi katika dirisha la NSSF wala PSSSF. Linathibitishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mzigo wa kuonyesha jinsi mazingira yalivyokuwa unamwangukia mfanyakazi. Ujumbe wa simu, barua pepe, majina ya waliokuwapo na tarehe ni vitu vya kuhifadhiwa mapema, kabla simu ya ofisi haijarudishwa na barua pepe ya kazini haijafungwa.

Kuwasilisha madai

Hatua ya kwanza ni kujua mfuko wako. Kwa kawaida aliye katika sekta binafsi ni mwanachama wa NSSF na mtumishi wa umma ni wa PSSSF, lakini usikisie. PSSSF ilirithi wanachama wa mifuko minne iliyounganishwa mwaka 2018, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, na katika PPF walikuwamo waajiriwa wa makampuni. Angalia hati yako ya mshahara. Jina la mfuko limeandikwa mahali pa makato.

Hatua ya pili, ambayo ingefaa ifanywe mtu akiwa bado kazini, ni kuomba taarifa ya michango. Mifuko yote miwili inatoa taarifa hiyo ofisini na kwa njia ya mtandao. Isome mwezi kwa mwezi. Katika NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Katika PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia asilimia 15. Kwa yule wa shilingi 600,000 aliye NSSF, taarifa inapaswa kuonyesha shilingi 120,000 kila mwezi. Ikionyesha mapengo, au ikionyesha kwamba mchango ulihesabiwa kwa mshahara mdogo kuliko uliolipwa, jambo hilo lisisubiri.

Makato yaliyoonekana katika hati ya mshahara lakini hayakufika katika mfuko ni deni la mwajiri kwa mfuko. Mfanyakazi hakufanya kosa, ila ndiye anayeumia kwanza, kwani miezi 18 huhesabiwa kwa michango. Apeleke hati zake za mshahara katika ofisi ya mfuko na kutoa taarifa kwa maandishi ili wakaguzi wafuatilie. Sheria imeipa mifuko mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri, kudai malimbikizo pamoja na adhabu ya ucheleweshaji, na kumfikisha mahakamani. Hati za mshahara ndizo ushahidi wako katika hatua hiyo, na anayezitupa kila mwisho wa mwezi hujinyima ushahidi huo.

Hatua ya tatu ni madai yenyewe. Mdai hujaza fomu ya maombi ya mafao, ambayo ina sehemu inayomhusu mwajiri. Pamoja nayo huambatisha barua ya kusitishwa ajira, kitambulisho cha uanachama, namba au kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA, hati za mshahara za miezi ya mwisho, picha, na maelezo ya akaunti ya benki iliyo katika jina lake mwenyewe. Ofisi inaweza kuhitaji nyaraka nyingine kulingana na mazingira ya madai. Ni vema kuuliza orodha kamili kabla ya kusafiri, hasa kwa anayetoka wilaya isiyo na ofisi ya mfuko. Fomu hutolewa bila malipo. Anayekutoza fedha kwa ajili ya fomu au kwa kuahidi kuharakisha malipo anatenda kosa.

Majina yasiyofanana ni kikwazo kinachoonekana kuwa kidogo na ambacho huweza kuchelewesha malipo. Mtu aliandikishwa kazini kwa majina mawili, NIDA ina matatu, benki imeandika herufi moja tofauti. Au mwanamke aliandikishwa kwa jina la baba, kisha akaolewa na vitambulisho vyake vipya vikachukua jina la mume. Kwa mtu wa kawaida huyo ni mtu yule yule. Kwa mfumo wa malipo ni watu wawili. Kurekebisha kunahitaji hati ya kiapo na uthibitisho, na kazi hiyo ni rahisi zaidi ikifanywa kabla ya fomu kuingia kuliko baada ya madai kurudishwa. Linganisha vitambulisho vyako leo jioni. Utakuwa umeokoa safari kadhaa za basi.

Kuhusu sehemu ya fomu inayojazwa na mwajiri: wapo waajiri wanaoikalia fomu kwa hasira ya mgogoro uliotangulia, na wapo ambao ofisi zao zimefungwa na hakuna wa kugonga mhuri. Katika hali zote mbili mdai asirudi nyumbani kungoja. Awasilishe nakala ya barua aliyonayo pamoja na maelezo ya maandishi katika ofisi ya mfuko, na aombe msaada wa Afisa Kazi wa mkoa wake. Kila anapowasilisha kitu, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe.

Anachodaiwa mwajiri

Malipo ya mfuko hayafuti malipo ya mwajiri. Hata katika madai yanayokwenda vizuri, ajira inapokoma mwajiri anatakiwa kulipa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, fedha za likizo ambayo haikuchukuliwa, malipo ya notisi kama notisi haikutolewa, kiinua mgongo kwa anayestahili, na gharama za usafiri kumrudisha mfanyakazi mahali alikoajiriwa iwapo alitolewa huko. Anatakiwa pia kumpa cheti cha utumishi. Cheti hicho si upendeleo, na hakisubiri uhusiano mzuri.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Na katika mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, hauwezi kuufupisha.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi isiyopungua 12. Yule mfanyakazi wetu wa shilingi 600,000, ikiwa huo ndio mshahara wake wa msingi na hufanya kazi siku 6 kwa wiki, ana mshahara wa siku wa takriban shilingi 23,000. Kama alitumikia miaka 6 na miezi 4, anahesabiwa miaka 6, yaani siku 42, ambazo ni takriban shilingi 969,000. Aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu hastahili kiinua mgongo. Vivyo hivyo aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa wakati wa kupunguzwa.

Siku 30 zinazokimbia kimyakimya

Mfanyakazi anayeamini kuwa aliachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro CMA, kuanzia tarehe ajira ilipokoma. Kwa migogoro mingine, kama vile madai ya mishahara ambayo haikulipwa, ni siku 60. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mtu anapeleka madai ya fao, anaambiwa asubiri, anasubiri kwa uvumilivu, na anapokuja kukumbuka kuhoji uhalali wa kuachishwa kwake, siku 30 zimepita. Madai ya mfuko na mgogoro wa kazi ni njia mbili zinazokwenda sambamba. Kuwa katika moja hakusimamishi saa ya nyingine.

Mgogoro hufunguliwa kwa kujaza fomu CMA F.1, kumkabidhi mwajiri nakala, na kuiwasilisha katika ofisi ya Tume pamoja na uthibitisho wa makabidhiano hayo. Aliyechelewa hujaza pia fomu CMA F.2 akieleza sababu za kuchelewa, na Tume inaweza kumkubalia au kumkatalia. Huduma za Tume hazitozwi ada. Mfanyakazi anaweza kujiwakilisha, au kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, wakili au mtu aliyemchagua. Shauri huanza kwa usuluhishi, ambao una siku 30, na ukishindikana huenda katika uamuzi. Ikumbukwe kwamba mwenye ajira ya chini ya miezi 6 hawezi kutumia masharti ya sheria yanayohusu kuachishwa isivyo halali.

Usuluhishi mara nyingi huishia kwa makubaliano ya maandishi. Soma maneno yake kwa jicho lile lile uliloisoma barua ya kuachishwa. Makubaliano yanayosema kwamba mfanyakazi ameamua kuacha kazi yanaweza kumlipa leo na kumfungia dirisha la mfuko kesho. Yanayosema kwamba mwajiri alisitisha ajira na pande zimekubaliana juu ya malipo hayana tatizo hilo. Msuluhishi haandiki kwa ajili ya upande mmoja, hivyo ni juu ya mfanyakazi kuomba sentensi hiyo iandikwe kama mambo yalivyokuwa.

Miezi 6 ikiisha

Malipo yanakoma mwezi wa 6, hata kama kazi haijapatikana. Michango inabaki katika akaunti ya mwanachama. Anayeendelea kukaa bila ajira hadi miezi 18 ana nafasi kisheria ya kuomba michango yake ihamishiwe katika skimu ya hiari, na kuanzia hapo kuitumia kwa masharti ya skimu hiyo. Aliyejiajiri katika kipindi hicho, iwe ni duka, bodaboda au bustani ya mboga, anaweza kuendelea kuchangia kama mwanachama aliyejiajiri, na miezi hiyo mipya ikaongezwa juu ya ile ya zamani kuelekea 180.

Wakati huo wa kutafuta, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, husajili watafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri. Mwenye mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa katika mshahara aende benki mwenyewe kabla benki haijamtafuta, akiwa na barua ya kuachishwa, na aulize kama mkataba wa mkopo una bima inayogusa kupotea kwa kazi. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aitaarifu Bodi ya Mikopo kwamba mwajiri aliyekuwa akiwasilisha makato hayupo tena.

Kazi mpya ikipatikana, mpe mwajiri mpya namba ile ile ya uanachama uliyokuwa nayo. Akikuandikisha upya kwa namba nyingine, utakuwa na akaunti mbili zenye michango nusunusu, na siku ya kudai utalazimika kuomba ziunganishwe kabla ya kitu kingine chochote kushughulikiwa.